Maswali na majibu: Tukio moja linatosha

Walimu wa sekondari wameniuliza kuhusu vipande vifupi vya kumbukumbu, vile ambavyo mwanafunzi husimulia jambo la kweli lililompata mwenyewe. Nimeyachagua maswali matano.

Nawaambia waandike kumbukumbu fupi, wananiletea maisha yao yote tangu kuzaliwa. Nifanyeje?

Tazama vitenzi vyao. Palipojaa "alikuwa aki-" pamejaa mazoea: "Bibi alikuwa akinipenda sana, kila jioni alikuwa akinisimulia hadithi." Huo ni muhtasari wa miaka. Mwambie achague jioni moja tu, aiandike kwa "-li-" na "-ka-": "Bibi alinyamaza katikati ya hadithi. Akaniuliza jina langu." Sentensi mbili, na msomaji tayari ameingiwa na wasiwasi.

Mimi huwawekea mpaka: tukio lisizidi dakika kumi za maisha, wala maneno 300 kwenye karatasi. Mpaka wa muda ndio unaofanya kazi. Ule wa maneno ni wa kukuhurumia wewe mwenye rundo la madaftari.

Wangu wanasema hawajapatwa na lolote la maana.

Wanadhani lazima pawe na ajali au msiba. Usiwaulize jambo kubwa lililowapata. Waulize: ni lini ulisema uongo ukaaminiwa? Ni mlango gani uliogopa kuubisha? Ulipoteza nini ukaficha kwamba kimepotea? Wape dakika tano waorodheshe majibu, bila sentensi kamili. Mara nyingi lile linalomfanya acheke kwa aibu ndilo lenye tukio.

Hawakumbuki maneno yaliyosemwa. Wakiandika mazungumzo, si wanadanganya?

Hakuna anayekumbuka neno kwa neno, na msomaji analijua hilo. Anachodai ni kwamba maana iwe ile ile, na kila mtu azungumze kama anavyozungumza kweli. Mwanafunzi akibuni mtu ambaye hakuwapo, au akageuza yaliyotokea, amehamia kwenye hadithi ya kubuni. Akiwa amesahau kabisa, akiri: "Sikumbuki alijibu nini. Nakumbuka alivyokuwa akikunjakunja tiketi." Sentensi ya namna hiyo huaminika kuliko majibizano marefu yaliyonyooka. Na salamu zote zinazofungua mazungumzo zikatwe.

Kila kipande kinaishia kwa methali au "tangu siku hiyo nilijifunza kwamba…" Nawatoaje huko?

Tuliowapeleka huko ni sisi. Tumewazoesha kupata alama kwa kupamba insha, kuanzia jogoo anayewika mwanzoni hadi funzo la mwisho, sasa tunashangaa. Mwambie afunike sentensi ya mwisho kwa kiganja, kisha asome kipande kwa sauti. Kikisimama bila hiyo, na mara nyingi husimama, aifute. Afanye vivyo hivyo na ya kwanza, hasa kama ameamka asubuhi na mapema akapiga mswaki.

Methali yenyewe siichukii. Ikitoka kinywani mwa shangazi aliyemo ndani ya tukio, iache, maana ni sauti yake.

Ila usimkataze kufikiri. Mwandishi ana miaka 16, mtoto anayemsimulia alikuwa na 8, na huyu mkubwa anajua mengi ambayo yule mdogo hakuyajua. Pengo hilo ni mali. Sentensi moja iliyopenyezwa katikati yaweza kubeba kipande kizima: mtoto anaipangusa baiskeli yake vumbi, halafu, "Sikujua kwamba baba alikuwa ameshaiuza." Baada ya hapo hahitaji kutuambia kwamba aliumia. Nikipewa nafasi ya kufundisha jambo moja tu katika aina hii ya uandishi, ningefundisha hilo.

Mwanafunzi ameandika jambo zito la nyumbani kwao. Nimpe alama?

Weka kalamu chini kwanza, uzungumze naye faraghani. Ikiwa bado yuko hatarini, huna ruhusa ya kulifanya jambo hilo siri: fuata utaratibu wa shule wa kumlinda mtoto. Darasa zima liambiwe hivyo kabla ya kuanza kuandika, ili kila mmoja ajue anachokabidhi na kwa nani. Ikiwa ni jambo lililopita, na mwenyewe anataka lisahihishwe, sahihisha uandishi na uyaache maisha yake. Kusoma mbele ya wenzake kubaki hiari, hata kama kipande chake ndicho bora darasani.