Maswali na majibu: Letitia Wright kabla ya Shuri

Barua za safari hii nyingi zinamhusu Letitia Wright, mwigizaji wa Uingereza aliyecheza Shuri katika filamu ya Black Panther. Ninajibu tano.

Huyu Shuri wa Black Panther mbona aliibuka ghafla? Alikuwa wapi? (Dodoma)

Swali hili linanifikia kila mara, na kila mara mwulizaji hajagusa orodha ya kazi zake. Black Panther ilitoka 2018. Mwaka 2011 Wright tayari alikuwa Chantelle katika tamthilia ya televisheni ya Top Boy. Mwaka 2012 ikaja filamu ya My Brother the Devil, na jarida la Screen International likamtaja miongoni mwa nyota wa kesho. Kwenye televisheni akapita Doctor Who 2015, akaingia Humans 2016. Tuzo ya BAFTA ya nyota chipukizi aliipata 2019. Toka 2011 hadi 2018 ni miaka saba ya jasho kabla ninyi hamjamjua. Someni kabla ya kuuliza.

Ni Mwafrika? (Tanga)

Hapana. Alizaliwa Georgetown, Guyana, 1993, akahamia London akiwa mtoto.

Kwa nini unasifia sana jukwaa wakati pesa ziko kwenye filamu? (Nairobi)

Kwa sababu jukwaani ukikosea hakuna wa kukuambia turudie. Mwaka 2015 Wright alicheza mchezo wa Eclipsed katika Gate Theatre, chumba kidogo kilichokuwa juu ya baa, Notting Hill, London, mtazamaji akiwa karibu kiasi cha kukusikia ukimeza mate. Ni habari ya wanawake waliotekwa na kamanda wa waasi katika vita vya Liberia. Aliyeiandika ni Danai Gurira, yuleyule Okoye wa Black Panther, na Lupita Nyong'o aliicheza New York hadi ikafika Broadway 2016.

Kisha tazama Desemba 2018. Black Panther imeshaingiza zaidi ya dola bilioni 1, naye Wright anarudi jukwaani, ukumbi wa Young Vic, London, kucheza The Convert ya Gurira huyohuyo. Ni Jekesai, msichana wa Kishona anayekimbia ndoa ya kulazimishwa, anabatizwa Ester, huku Rhodesia ya miaka ya 1890 ikikaribia kuwaka. Hakwenda kwa njaa. Waigizaji wetu wakipata tamthilia moja ya televisheni hawakanyagi tena jukwaa, na inasikika: sentensi ikirefuka kidogo, pumzi imekata. Inaniuma, maana vipaji tunavyo.

Alisomea wapi? Kuna mtu anataka nilipe ada ya usaili aniunganishe na ajenti wa London. (Mwanza)

Identity School of Acting, London, shule iliyoanzishwa na Femi Oguns, ambaye pia ndiye ajenti wake. Hiyo ada usilipe hata senti. Ajenti wa kweli hukata asilimia yake ukishalipwa kazi. Anayedai pesa kabla ya kazi ni tapeli, na nakala ya pasipoti usimtumie. Kama umeshatuma pesa, nenda polisi leo.

Nianze na kazi yake ipi? (Mombasa)

Black Museum, kipindi cha 2017 cha mfululizo wa televisheni wa Black Mirror, kilichompa uteuzi wa tuzo ya Emmy. Muda mwingi kazi yake ni kumsikiliza mwenye makumbusho akijigamba. Wright anapompa maji ya kunywa, uso wake haufichui kitu. Ukishajua mwisho, rudia ukimtazama yeye tu.