Nianze na kitabu gani cha Chimamanda?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mkomani, Lamu, nasoma chuo huko bara. Mwenzangu wa chumba kila siku ananiambia, "Nyinyi watu wa pwani kazi yenu ni baraza na biriani." Majuzi nilitazama hotuba ya Chimamanda Ngozi Adichie, yule mwandishi wa Nigeria, kuhusu hatari ya kumjua mtu kwa kisa kimoja tu, nikahisi ananisemea mimi. Sijasoma kitabu chake hata kimoja. Nianze na kipi? Na sisi je, tunaye wa kutusimulia?
Kijana wa Mkomani

JIBU: Marahaba mwanangu. Wengi watakwambia uanze na Purple Hibiscus ya 2003, kwa kuwa ndiyo riwaya yake ya kwanza. Mimi nakwambia anza na Half of a Yellow Sun ya 2006, na sababu imo katika hotuba hiyohiyo aliyoitoa Oxford mwaka 2009.

Unamkumbuka Fide, mtumishi wa kwao? Chimamanda alikuwa na miaka minane, na alichoambiwa na mamake ni kwamba kina Fide ni maskini sana. Siku walipokwenda kijijini kwao akaonyeshwa kikapu cha nakshi, kimesukwa kwa rafia iliyotiwa rangi, kazi ya kaka yake Fide. Akashangaa kwamba watu wale wanaweza kutengeneza kitu.

Sasa fungua riwaya. Anayekupokea mlangoni ni Ugwu, mtumishi wa miaka 13, ndiyo kwanza amefika kwa mhadhiri pale Nsukka. Usiku ule wa kwanza anatia vipande vya kuku mfukoni mwa kaptura amwekee shangazi yake. Vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970, vya eneo lililotaka kujitenga na Nigeria, utaviona kwa macho ya kijana huyo, na nafasi anayopewa mwishoni sikwambii, ila nilipofika hapo nilimkumbuka Fide nikalia.

Wa kutusimulia tunao. Tafuta Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyepata Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Ida Hadjivayanis ameitia Kiswahili kitamu. Inamhusu Yusuf, mtoto anayetolewa na babake kulipia deni. Na usiende bara bila utenzi wa Mwana Kupona, aliomtungia bintiye mwaka 1858. Soma kwa sauti, ile ni lahaja yetu, Kiamu.

Huyo mwenzako usimjibu kwa kuwasema watu wa kwao. Msimulie. Mwambie kwamba anayemwona kajinyoosha barazani saa nne asubuhi huenda katoka baharini alfajiri, na nyavu zake bado zachuruzika maji. Mwambie habari za fundi wa milango, kainama juu ya ubao kutwa nzima, patasi mkononi, unga wa mbao umemjaa kwenye nyusi. Wageni huupiga picha mlango, fundi hawamwoni. Na wavivu tunao pia, usimfiche. Kila mji unao wake. Kisha muulize kwao wakoje, umsikilize mpaka amalize.

Ukishasoma Half of a Yellow Sun niandikie nani kati ya wale dada wawili kakuingia moyoni, Olanna au pacha wake Kainene. Mimi ni wa Kainene.