Barua kwa mwanangu: Chui bado yupo nasi

Kibirizi, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo, ziwa limetulia wiki hii na dagaa wanakauka vizuri. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeuliza, "Mama, kwa nini msimwite daktari wa mifugo ampumzishe kwa sindano mbwa wetu Chui? Mnamwacha anateseka." Najua ni ile video aliyokutumia kaka yako, Chui akijigonga kwenye ndoo. Nimeamua kukuandikia, maana kwenye simu ungelia, nami ningelia, na swali lingebaki pale pale.

Ulimleta wewe mwenyewe ukiwa kidato cha pili, umemviringisha kwenye sweta la shule, nami nikakugombeza hadi majirani wakatoka nje. Leo ana miaka 13. Mbwa wengi wa huku hawafiki umri huo, pikipiki na magonjwa vinawawahi. Miaka yote hiyo amelala chini ya chanja za dagaa wetu, na kunguru wa Kibirizi wanamjua.

Sasa jibu langu. Chui amezeeka, mwanangu, lakini hateseki. Ni vitu viwili, na mimi ninayeamka naye kila alfajiri ninaviona.

Yale macho uliyoyaona yana ukungu wa buluu. Daktari aliyamulika kwa tochi akasema kioo cha ndani ya jicho hukakamaa kadiri mbwa anavyozeeka, na huo si mtoto wa jicho. Anaona, ila si vizuri, hasa jioni. Ndoo ile ilikuwa imehamishwa asubuhi hiyo hiyo, na yeye anatembea kwa kukumbuka. Tangu siku hiyo nimepiga marufuku: ndoo, jiko, stuli, kila kitu uani kinakaa mahali pake. Hajajigonga tena. Masikio nayo yamekwenda, kwa hiyo simwiti kwa sauti, nakanyaga chini kwa kisigino mara mbili, anausikia mtikisiko, anageuza kichwa. Wajukuu nimewakataza kumgusa akiwa usingizini. Mbwa asiyesikia akishtuliwa anaweza kung'ata hata mtu anayempenda.

Kinachomsumbua kweli ni nyonga. Asubuhi anainuka kwa awamu: kwanza miguu ya mbele, anatulia, anapumua, kisha anaivuta ya nyuma. Hapa nina jambo la kukuungamia. Mwezi wa kwanza wa mvua alilia usiku kucha, nikamhurumia, nikampa kidonge changu cha diklofenaki, kile ninachomeza kwa ajili ya goti. Nikampa na cha pili kesho yake. Akatapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa. Daktari alipokuja aliniambia dawa hizi zetu, diklofenaki na ibuprofeni, humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, hata kama kwako wewe ni za kawaida. Usiku ule nililala naye barazani, mkono juu ya mbavu zake, nahesabu pumzi. Mungu alinisamehe, akapona. Sasa anapewa vidonge vya mbwa, kwa uzito wake, baada ya kula tu, wala sichanganyi na dawa nyingine.

Zaidi ya dawa, kilichomsaidia ni kumtoa kwenye sementi. Viwiko vyake vilikuwa vimeota sugu, kimoja kimeanza kuchubuka. Nimempangia mbao, juu yake kipande cha lile godoro lako la bweni, juu kabisa gunia ninalolianika juani kila Jumamosi. Kucha namkata, kwa sababu hatembei tena kiasi cha kuzisaga mwenyewe, na zikirefuka zinampindisha vidole. Jioni tunakwenda hadi kwenye mwembe na kurudi, polepole, basi.

Chakula chake ni ugali laini na dagaa wa kuchemsha bila chumvi, na kitunguu hakikaribii sufuria hiyo, maana huvunja damu ya mbwa. Maji nampimia kwa jagi. Ana kilo 15, na daktari alisema akianza kunywa zaidi ya lita 1 na nusu kwa siku, nimwite, figo zitakuwa zinalalamika. Mpaka sasa hajafika hata lita moja.

Majirani nao walitusumbua. Usiku mwingine Chui huzunguka uani bila mwelekeo, au husimama akiukodolea macho ukuta. Pakazuka maneno kwamba Chui ana kichaa, na vijana wawili wakaja na marungu. Nilisimama mlangoni na kadi yake ya chanjo mkononi, kila mwaka imejazwa, hakuna pengo. Nikawaambia mbwa mwenye kichaa kwa kawaida hafikishi siku 10 tangu dalili zianze, na huyu amekuwa hivi tangu kabla ya Ramadhani. Ni akili ya uzee, kama ilivyokuwa kwa bibi yako mwishoni. Mzee wa msikitini ndiye aliyewatuliza. Aliwakumbusha habari ya yule mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamghufiria. Wakaondoka kimya. Usiku namwachia taa ndogo ya sola, na kuzunguka kumepungua.

Niseme na lile linaloniuma. Wengi wanaoniambia "mpumzishe" wamechoka tu kumwona. Wewe sikuweki humo, wewe uko mbali na umeona sekunde ishirini za video.

Lakini usidhani nimejifumba macho. Kwenye kalenda iliyoning'inia jikoni naweka alama ya mkaa kila siku mbaya. Siku mbaya ni ile ambayo amekataa chakula, au ameshindwa kuinuka mwenyewe kwenda kukojoa, au nimekanyaga kisigino na mkia haukutikisika. Mwezi uliopita alama zilikuwa nne. Mwezi huu mpaka leo, mbili. Zikianza kuzidi siku zilizobaki nyeupe, nitamwita daktari mwenyewe. Atachomwa sindano ya kumlaza kwanza, kisha ile ya mwisho, hapa hapa uani, kichwa chake mapajani pangu. Hatapewa sumu kwenye nyama, wala hatapelekwa porini kuachwa. Na kabla sijampigia daktari nitakupigia wewe, hata iwe saa nane usiku.

Ukipata likizo Desemba panda treni uje. Kwa sasa nakuomba kitu kimoja. Chukua fulana uliyoilalia siku mbili tatu, usiifue, ifunge kwenye mfuko wa plastiki uipe basi la Kigoma, kaka yako ataipokea stendi. Macho na masikio yamemwacha, pua bado. Juzi nilifungua lile sanduku lako la zamani kutafuta shuka, akatoka kwenye gunia lake bila kusaidiwa, akaja kulala na pua yake kwenye kizingiti.

Mama yako