Muulize Fundi: Kisu cha kukunja kilichomrudi mwenyewe

SWALI: Shikamoo, Bi Fundi. Nina miaka 24, nasafirisha mizigo kwa pikipiki kutoka Eastleigh hadi Rongai. Kutwa nakata kamba, nafungua makatoni, na mchana namenya chungwa langu. Nilinunua kisu cha kukunja barabarani, cheusi, chenye meno mgongoni. Wiki ya pili nilikuwa natoboa mfuniko wa jerikeni, kikajikunja na kunichana kidole. Sasa nimeweka shilingi 1,500. Ninunue cha aina gani? Na askari akinikuta nacho nimwambie nini?
Msomaji, Eastleigh

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kidole. Mimi nina kovu la namna hiyo hiyo kwenye kidole cha shahada, tangu mwaka wangu wa pili wa kushona viatu hapa Gikomba. Nilikuwa natoboa soli ya tairi kwa ncha ya kisu. Ncha ikanasa kwenye mpira, mkono ukazidi kusukuma, kisu kikajifunga na kidole kikiwa ndani. Tangu siku ile kibandani mwangu kisu ni cha kukata tu. Kutoboa kuna msharasi, ile sindano nene ya fundi viatu, na jerikeni nawe itoboe kwa msumari uliopashwa moto.

Visu vya kukunja havifanani. Kuna ambavyo ubapa unashikwa na springi ya mgongoni peke yake. Kile chekundu cha Uswisi ambacho Karl Elsener alikisajili mwaka 1897 ni cha namna hiyo, na hata leo kile cha kampuni yake, Victorinox, chenye urefu wa milimita 91, hakina kizuizi cha kuuzuia ubapa usijikunje. Ni kisu kizuri sana kwa mtu anayekata akivuta, lakini ukikisukuma kwa ncha kitakurudi. Vingine vina kizuizi: kibati chembamba ndani ya mpini kinachoruka na kukaa nyuma ya ubapa, au pete unayoizungusha kwa dole gumba. Kwa kazi yako, kwenye kamba ngumu na haraka ya barabarani, tafuta chenye kizuizi.

Usilipe kabla hujakijaribu mbele ya muuzaji. Kifungue, kizuizi kiingie, kisha weka mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza na ubonyeze kama unayetaka kukikunja, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikilegea, mrudishie. Shika ncha uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, ribiti, yaani kile kipini kinachoshika ubapa kwenye mpini, imelegea au imechoka. Halafu geuza makali yaelekee kwenye mwanga. Makali mazuri hayaonekani. Ukiona vidoti vinameta, hapo ndipo palipo butu. Ubapa wa sentimita saba au nane unakutosha. Meno ya mgongoni na rangi nyeusi hayakati kamba yoyote, ila yanamtisha mteja anayefunguliwa katoni mlangoni kwake.

Katika hizo 1,500, bakisha za kinoo. Hapa nakusihi, kwa sababu nimeona vijana wengi wakijikata, na karibu wote walikuwa na kisu butu. Kisu butu unakikandamiza, na kamba ikikatika ghafla nguvu yote inaishia kwenye paja. Lowesha kinoo maji, laza ubapa, kisha inua mgongo wake. Kwa ubapa wenye upana wa sentimita moja na nusu, mgongo uinuke kama nusu sentimita. Hiyo ni kama digrii ishirini. Sukuma makali mbele kana kwamba unachonga utando wa jiwe, toka kwenye shina hadi ncha, bila kubadilisha ule mwinuko. Endelea upande mmoja hadi ukipapasa upande wa pili, kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, uhisi kijiunywele cha chuma. Ndipo ugeuze. Malizia kwa mikupuo myepesi, kisha pitisha ubapa kinyume juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Jaribu kwenye gazeti, si kwenye kucha. Ukiwa safarini huna kinoo, pindua kikombe cha kaure: lile duara la chini lisilong'aa linanoa vizuri kabisa.

Kuhusu askari: Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 308, inamhusu mtu anayekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba alikusudia kutenda uhalifu. Kwa hiyo mazingira ndiyo yatakayokusemea. Kisu kikae kwenye mfuko wa kazi pamoja na selotepu, glovu na risiti za mizigo, kisikae kiunoni. Ukiulizwa, sema unacho na kazi yake, wala usikitoe mpaka uambiwe. Ukienda mpirani, kwenye mkutano au kwenye baa, kiache nyumbani. Na asikudanganye mtu kwamba kitakuokoa na vibaka. Wape simu, mwanangu.

SWALI: Fundi, marehemu baba aliniachia kisu cha Opinel, mpini wa mti, nambari 8. Tangu masika hakifunguki, na ubapa una madoa. Nikipeleke kwa fundi wa vyuma akipasue?
Binti wa Pangani

JIBU: La, dada, usiruhusu kipasuliwe! Mti umekunywa maji ukavimba na kuubana ubapa, basi. Kiweke mahali pakavu penye hewa siku kadhaa, mbali na jiko na jua kali, mpini usije ukapasuka. Kisha zungusha pete hadi mwanya wake ulingane na ubapa, shika mpini ubapa ukiangalia juu, na ugonge kitako chake kwenye ukingo wa meza. Ubapa utachungulia, nawe utaumalizia kwa ukucha. Watu wa Savoie, kule Ufaransa kilikozaliwa mwaka 1890, hufanya hivyo hivyo. Hiyo pete ilianza kuwekwa mwaka 1955.

Madoa ya kijivu yaache, ni chuma cha kaboni kimezoea ndimu na machungwa. Yale mekundu ndiyo kutu. Yasugue taratibu kwa msasa laini sana. Kila ukimaliza kumenya, osha, futa, kausha, na upake mafuta ya nazi kiasi cha kuloweka ncha ya kidole, kwenye ubapa na pale unapokunjikia.

Kikikataa, kilete. Kibanda changu kiko upande wa Majengo, nafungua kila siku ila Ijumaa mchana.