Theluji ya Kibo mezani: maswali yenu ya karata

Tangu niandike kuhusu Dominion, ule mchezo wa kila mtu kujijengea rundo lake la kadi kwa kuzinunua zamu kwa zamu, wengi mnataka kutunga kadi zenu wenyewe za majira ya baridi. Haya ndiyo mliyouliza.

Kaka, hapa Majengo, Moshi, Desemba tunagombea kivuli. Nichore baridi ipi?

Ya Julai, dada. Ukungu, wazee ndani ya makoti, chai isiyokaa moto. Mtu wa theluji mwenye pua ya karoti waachie wenyewe. Theluji unayo juu ya Kibo, mita 5,895. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipoiona Mei 1848, wapo wasomi wa Ulaya waliombishia: theluji karibu na ikweta? Hapo tayari pana kadi, iite Msafiri wa 1848. Unachungulia kadi ya juu ya rundo lako na kutangaza kwamba ni sarafu. Jirani wa kushoto anasema anaamini au haamini. Akikukatalia na kumbe ulisema kweli, unaichukua pamoja na nyingine mbili.

Shikamoo. Nimetunga "Theluji Kuu": bei 4, wapinzani wote wanatupa kadi zao zote 5 za mkononi. Mdogo wangu amesusa. Kosa liko wapi? (Sakina, Arusha)

Marahaba. Mdogo wako hana kosa. Kila mtu anaanza na Copper 7 (kila moja ni sarafu 1) na Estate 3 (kadi za pointi, hazinunui kitu), kwa hiyo bei 4 inafikiwa kila mara ndani ya zamu mbili za kwanza. Linganisha na Militia, kadi ya Dominion yenyewe, nayo bei yake ni 4: inakupa sarafu 2, wapinzani wanabaki na kadi 3 za kuchagua wenyewe. Wanaumia, lakini wanacheza. Yako inawaketisha tu, na mkiinunua wote mtabaki mnatazamana kama watu waliokosa basi.

Baridi haiui mgomba, inauchelewesha. Basi gandisha, usitupe. Mpinzani akiwa na kadi 5, unachomoa moja bila kuiangalia na kuiweka kifudifudi mbele yake. Zamu yake anacheza na 4. Akishavuta kadi 5 mpya, iliyoganda inayeyuka na kurudi mkononi, anakuwa na 6. Hilo sharti la kadi 5 usilifute: ndilo linalozuia watu watatu kumgandisha mtu mmoja mfululizo. Ikupe sarafu 2, bei iwe 3. Ningeanzia hapo.

Na ukitaka kadi ya maji, iite Mfongo, ule mfereji wa Wachagga wa kuleta maji ya mlimani, lakini usiifunge kwenye barafu peke yake. Maji ya mlimani sehemu kubwa hutoka kwenye mvua ya msituni.

Nizilamineti?

Usithubutu. Zinateleza, pembe zinachoma, na mgongo tofauti unatambulika kabla hujavuta. Chapisha kwenye karatasi ya kawaida ya A4, kadi 9 kwa ukurasa, kila moja milimita 59 kwa 91. Kata kwa rula na wembe, kisha ingiza kwenye kifuko cha plastiki mbele ya kadi ya zamani. Vifuko viwe aina moja kwa rundo zima, la sivyo umerudi kule kule.

Ngapi kwa mara moja?

Aina mbili kati ya zile aina 10 za kadi zinazopangwa mezani ili zinunuliwe, nakala 10 kila aina.

Naweza kuziuza?

Zikiwa na jina na michoro ya Dominion, hapana. Cheza nyumbani. Ukitaka kuuza, tunga mchezo wako mwenyewe, na hiyo ya Msafiri wa 1848 nakupa bure.