Hilux ya kubebea parachichi: manyuali au otomatiki?

Mkuu, kama nimekuelewa, shamba la parachichi liko Rungwe, wewe unakaa Mbeya mjini, na umepata Hilux mbili za toleo la Vigo, dabo kabini, za bei inayokaribiana: moja 2.5 ya gia za mkono, nyingine 3.0 otomatiki. Dereva wa kuajiri atapanda nayo shambani, na wikiendi shemeji ataitumia mjini. Waliokujibu kabla yangu karibu wote wamesema gari ya kazi ni manyuali, oto waachie watu wa mjini. Nimemiliki zote mbili kwa kazi ileile moja, viazi na mbao kutoka Njombe, na siafiki. Wenzangu wanaangalia barabara. Mimi ningeanza na anayeshika usukani, kisha anayetoa hela ya oili.

Gari ya gia za mkono inauawa na dereva. Giaboksi yenyewe ya Hilux ni ngumu, ukiitunza kwa oili haikusumbui. Kinachokufa ni klachi. Nilikuwa na kijana ambaye mguu wake wa kushoto haukujua kushuka sakafuni: foleni ya Mwanjelwa anaishikilia gari kwa nusu klachi, mlimani na mzigo anaondokea namba mbili. Klachi diski mpya haikumaliza msimu wa viazi. Akaja mzee mmoja aliyezeeka na malori ya Tunduma, na klachi aliyoikuta mpya kwenye gari hiyohiyo niliiuza nayo ikiwa bado inashika. Sasa jiulize, dereva wako akiumwa, gari utampa nani? Ukijibu "deiwaka yeyote wa stendi", yaani dereva wa kibarua, basi klachi uiweke kwenye bajeti pamoja na dizeli.

Uzuri ni kwamba klachi ni kazi ya siku moja kwa fundi yeyote mwenye akili, na vifaa viko kila mahali. Angalizo moja tu: baadhi ya hizi D-4D (injini za dizeli za Toyota) zinakuja na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi inalibana, ya vipande viwili yenye springi ndani, na hiyo ikichoka bei yake itakushtua. Watu huiondoa wakaweka ya kipande kimoja. Gari inatetemeka kidogo ikiwa sailensa, yaani imesimama inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, lakini inafanya kazi.

Otomatiki inauawa na mwenye gari. Ndani yake nguvu ya injini inapita kwenye tokikonveta, ambamo oili ndiyo inayosukuma upande wa pili uzunguke. Oili hiyohiyo inapoza, inalainisha, na presha yake ndiyo inayobana klachi ndogondogo za ndani. Kwa hiyo oili ikiungua, vyote vinaungua. Na kinachoiunguza ni mzigo mzito, mwendo mdogo na kilima kirefu, yaani safari yako ya kila wiki. Mtu anaambiwa oili ya giaboksi ni ya maisha, anaamini, anaendesha miaka mpaka gari inaanza kuchelewa kushika gia, halafu anakuja kutuambia oto ni mbovu. Mimi namwaga kabla ya kilomita 60,000, na sikubali fundi aniwekee ya kopo lolote lililoandikwa ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki. Aina ziko tofauti: gari inayotaka Toyota WS haitaki Dexron, na inayotaka Dexron haitaki WS. Soma kitabu cha gari au maandishi ya kwenye stiki.

Kuna na jambo la rejeta ambalo wengi hawalijui. Kwenye pikapu nyingi za otomatiki, oili ya giaboksi inapita kwenye kipoza kidogo kilichomo ndani ya rejeta ya maji. Kikitoboka, maji na oili vinachanganyika, na unachokikuta kinafanana na yoghati ya stroberi. Hapo giaboksi imekwisha, isipokuwa kama uliwahi kuzima palepale. Rejeta iliyochakaa kwenye manyuali itakuchemshia injini. Kwenye oto inaweza kukuondolea na giaboksi. Ukinunua ya otomatiki, weka rejeta nzuri, na ikiwezekana ongeza kipoza cha pembeni mbele yake. Hela hiyo haina hasara.

Milima. Hapa manyuali inashinda, ila si kwa kiasi wanachosema. Kushuka mlima Kitonga, au kutoka Tukuyu kwenda Kyela ukiwa na mzigo, unaweka gia nzito kabla mteremko haujaanza, injini inaishika gari, breki unazigusa tu. Oto nayo inafanya hivyo, lakini lazima uitoe kwenye D (ile ya kwenda mbele kawaida), uiteremshe hadi 3 au 2. Wanaounguza breki ni wale wanaoshuka kwenye D mlima mzima. Nakubali kwamba oto za Vigo za mwanzo zina gia nne tu (za miaka ya mwisho zina tano), kwa hiyo kati ya gia na gia pengo ni kubwa: huku injini inapiga kelele, huku gari inakimbia. Kwa gia za mkono unachagua unachotaka.

Kwenye tope mambo yanageuka. Masika ya Rungwe unayajua. Na manyuali, kila ukikanyaga klachi kubadili gia, nguvu inakatika, gari inapoteza mwendo na tairi zinaanza kuchimba. Oto ukiiweka 4L, yaani tairi zote nne kwa gia nzito, inapanda polepole bila kukatika, hata anayeendesha akiwa mgeni wa tope. Siku za mvua, kijana wangu asiye na uzoefu alikuwa anatoka shambani na oto mahali ambapo manyuali ingetaka trekta.

Na hii dhana kwamba oto ni dhaifu ingeachwa. Hilux Revo ya 2.8, iliyokuja baada ya Vigo, ilipotoka, ile ya otomatiki ilipewa toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 450, ya gia za mkono Nm 420. Ilipoboreshwa mwaka 2020, otomatiki ikapanda hadi 500 na manyuali ikabaki palepale 420. Hata Land Cruiser mkonga, yaani ile ya 70, ambayo tumeizoea na injini ya 4.2 na gia tano za mkono, mwaka 2023 Toyota waliitangazia injini ya 2.8 yenye otomatiki ya gia sita.

Pale ambapo manyuali haina mpinzani ni siku ya balaa. Betri ikifa huko Masoko, vijana wanasukuma, gari inawaka. Oto haisukumwi. Wala usiivute kwa kamba mwendo mrefu tairi zikizunguka, kwa sababu pampu ya oili inaendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, ndani kunazunguka pakavu. Inapandishwa kwenye gari la kubebea, au propela zinafunguliwa. Kwa hiyo ukichukua oto, betri nzuri na nyaya za kuazimia moto ni lazima.

Kwa upande wa shemeji sina la kuongeza, oto itamfaa na wewe unajua.

Ukienda kuzikagua, ya mkono vuta hendibreki, weka namba tatu, achia klachi taratibu: injini isipozima, klachi inaslipi. Kelele ikitokea unapokanyaga klachi, ni rilizi bearing, ile beringi inayosukuma klachi. Kelele iliyopo ukiwa umeachia na inapotea ukikanyaga iko ndani ya giaboksi, punguza bei au ondoka. Ya oto, ikute ikiwa baridi, si mwenyewe ameshaipasha. Itoe N kwenda D, kisha R. Ikisubiri kabla ya kushika, au ikipiga teke, shukuru na uage. Irudishe kinyumenyume mlimani. Oili iwe nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, usishawishiwe na rangi ya bodi. Na uulize ilikotoka: Toyota waliacha kuuza Hilux Japani kuanzia 2004 mpaka 2017, kwa hiyo anayekuapia kwamba Vigo yake "ilitoka Japani" anakudanganya. Ikiwa ilitoka Uingereza, lala chini uangalie chesesi, chumvi ya barabara zao inaila.

Mimi ningekuwa wewe ningechukua hiyo 3.0 otomatiki, kwa sharti kwamba oili yake ni safi na uko tayari kuihudumia bila kukumbushwa. Ikiwa oili imeungua, chukua ya 2.5 na umtafute dereva mtu mzima, umlipe vizuri. Na vyovyote vile usizidishe tani moja, dabo kabini si Fuso. Nenda na fundi wa giaboksi za otomatiki, siyo yule wako wa injini, halafu rudi utuambie hiyo oili umeikuta ya rangi gani.