Paipu za breki: achana na boksi, soma mpira

Ukiingia Grogan, eneo la maduka ya vipuri Nairobi, kutafuta paipu za breki, utaonyeshwa boksi kwanza. Boksi huchapishwa popote. Omba paipu yenyewe, uishike mkononi na kuisoma.

Paipu ya mpira inayofuata kanuni ya Marekani ya FMVSS 106 huwa na herufi DOT, alama ya kiwanda, tarehe ya kutengenezwa, kipenyo cha ndani (kwa mfano inchi 1/8) na herufi HR au HL. HL haitanuki sana kama HR ukikanyaga breki. Utaona pia mistari miwili iliyopita urefu wote, kila mmoja upande wake. Hiyo si mapambo. Ukimaliza kufunga ukute mistari imejizungusha, paipu imesokoteka na haitadumu. Legeza ufunge upya. Kanuni hiyo hiyo inadai paipu ya 1/8 ivumilie shinikizo la psi 4,000 kwa dakika 2, na isipasuke kabla ya kufika psi 7,000. SAE J1401, kiwango cha wahandisi wa magari wa Marekani, pia ni alama nzuri. Paipu isiyo na maandishi hata kidogo iache dukani, bei iwe ya kutupa au la.

Tarehe ni muhimu kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Ikiwa imepita miaka mitano, itisha nyingine. Ndiyo maana paipu za mpira za ex-Japan, yaani zilizotumika Japani, hazifai kabisa, hata kama injini na gia za huko ni nzuri. Mpira mzee huvimba kwa ndani na kuziba njia: mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta ya breki kwenda kwenye kalipa (kifaa kinachobana breki kwenye gurudumu), lakini hayarudi vizuri. Gurudumu moja linachemka, gari linavuta upande mmoja, na fundi anakuuzia kalipa ambayo hukuihitaji. Kwa nje paipu inaonekana safi tu.

Kagua ncha. Pale chuma kilipobana mpira pawe pamebanwa sawasawa pande zote, bila kutu wala ufa. Nenda na paipu ya zamani ulinganishe urefu, pembe ya kichwa na nyuzi za kufungia. Magari mengi ya Kijapani hutumia M10x1.0 (upana milimita 10, nafasi kati ya nyuzi milimita 1), lakini jaribu kwa vidole: nati iingie mizunguko kadhaa bila spana.

Zile zilizofumwa kwa waya wa chuma hufanya pedali iwe ngumu kidogo, na zenye alama ni nzuri. Za bei rahisi zisizo na gamba la plastiki waya wake husaga chochote kinachogusana nao. Kwa Toyota Probox ya kazi, mpira mzuri unatosha.

Paipu ngumu za chini ya gari kwa kawaida ni inchi 3/16, yaani milimita 4.75. Chukua chuma chenye rangi ya kuzuia kutu, au mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao hupindika kwa urahisi na hauli kutu. Fundi akitaja shaba ya friji, chukua ufunguo wa gari lako uondoke. Shaba tupu hukakamaa kwa mtikisiko, halafu inapasuka. Usikubali pia paipu iunganishwe katikati kwa viungo vya kubana vya mabomba ya maji. Mdomo wa paipu nao una aina zake: Wajapani wengi hukunja mara mbili kwa pembe ya digrii 45, magari mengi ya Ulaya yana mdomo wa mviringo. Ukichanganya, itavuja hata ukikaza mpaka nati ikatike.

Wakati wa kufunga, kila bolti yenye tundu inahitaji washa mbili mpya za shaba. Za zamani zimeshabonyea. Nati ya paipu ngumu hukazwa karibu Nm 15, bolti ya kalipa karibu Nm 30, ila kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Tumia spana ya paipu, spana ya kawaida hula kona za nati. Mafuta yawe DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, kutoka chupa mpya. DOT 5 ya silikoni isiguse humo.

Ukishatoa hewa, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili, magurudumu yakining'inia, uhakikishe paipu haivutwi wala haigusi tairi. Kisha washa injini, kanyaga breki kwa nguvu dakika nzima, mwenzako akimulika kila kiungo kwa tochi. Rudia ukaguzi huo siku ya pili, kabla ya kushuka mteremko mkali wa Mai Mahiu.